Utafiti wa tiba Nairobi: kutoka swali hadi ubao wa matangazo wa zahanati

Mwanafunzi wa uzamili wa sayansi ya tiba hapa Nairobi hupoteza muda mwingi nje ya maabara kuliko ndani. Kazi ya benchi yenyewe, kutenganisha plazma, kuzidisha DNA, kusoma jeli inayoonyesha DNA kama mistari, ikipangwa vizuri huisha kwa wiki chache. Kinachomeza mwaka ni vibali, vitendanishi (kemikali za maabara) vilivyo njiani, na maneno: ya pendekezo la utafiti, ya fomu ya ridhaa, ya hojaji, ya makala. Wengi huona kueleza sayansi kwa umma kama pambo la baada ya mahafali. Si hivyo. Ukurasa wa kwanza utakaomwandikia mtu asiye mwanasayansi ni fomu ya ridhaa, nao huandikwa kabla hujashika pipeti.

Swali, kisha mashine

Swali la uzamili lijibike kwa miezi sita hadi tisa ya kukusanya data. Lifinyange mpaka litoshe katika sentensi moja yenye nani, wapi na kipimo gani. "Usugu wa dawa Nairobi" ni kichwa cha kongamano. "Kati ya wajawazito wanaohudhuria kliniki moja ya Embakasi, wangapi wana bakteria kwenye mkojo bila dalili, na ni dawa zipi bado zinawaua bakteria hao?" hilo ni swali.

Kabla hujalipenda mno, nenda ukaone mashine. Iwe kampasi ya Chiromo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, KEMRI (taasisi ya utafiti wa tiba) kule Mbagathi, ILRI (utafiti wa mifugo) Kabete au icipe (utafiti wa wadudu) Kasarani, usiridhike na jibu la "tunayo". Omba daftari la matumizi na uangalie mambo mawili: mara ya mwisho kutumika ni lini, na kibandiko cha kalibresheni (kuhakiki usahihi wa vipimo) kina tarehe gani. Mashine ambayo daftari lake lilinyamaza tangu mwaka juzi ni samani. Muulize pia fundi wa maabara, kwa heshima na peke yake, ni kitu gani huisha kwanza. Fundi hujua mambo ambayo profesa ameshayasahau.

Na msimamizi wako, kubalianeni kwa baruapepe fupi: atasoma rasimu kwa muda gani (wiki mbili ni haki), nani atakuwa mwandishi wa kwanza, na sampuli zitakazobaki ni za nani. Mazungumzo haya ni magumu kidogo mwanzoni, lakini baada ya data kupatikana huwa ugomvi.

384 inatoka wapi

Ukipekua tasnifu za hapa utakutana na idadi ya washiriki 384 mara nyingi hadi uidhanie ni sheria ya nchi. Ni zao la fomula moja: Z² × p × (1 − p) ÷ d². Z ni 1.96 kwa uhakika wa asilimia 95, p ni kiwango cha ugonjwa unachotarajia, d ni kosa unaloweza kulivumilia. Weka p = 0.5 na d = 0.05, utapata 384.16. Hapo tayari kuna kosa dogo: hakuna 0.16 ya mtu, kwa hiyo idadi hupandishwa kuwa 385.

Kosa kubwa ni kuweka 0.5 bila kufikiri. Kiwango hicho ni cha anayeingia gizani kabisa. Kama utafiti wa awali katika eneo linalofanana na lako ulipata asilimia 15, fomula hiyohiyo inakupa 196. Umeokoa nusu ya vitendanishi na pengine nusu ya mwaka. Upande wa pili nao una shimo lake. Ukitarajia asilimia 4 na uache d ikiwa 0.05, utapata watu 60 hivi na jibu linaloanzia chini ya sifuri, jambo lisilo na maana. Shusha d hadi 0.02, idadi inapanda hadi 369.

Baada ya hapo weka akiba ya sampuli zitakazoganda, kumwagika au kupotea lebo. Kwa akiba ya asilimia 10 gawanya kwa 0.9, usizidishe kwa 1.1: 196 inakuwa 218. Na fomula hii ni ya kukadiria kiwango tu. Ukilinganisha makundi mawili unahitaji nyingine, na mtakwimu aonwe kabla ya kutetea pendekezo. Anayepelekewa data iliyokwisha kukusanywa hawezi kuongeza washiriki.

Foleni ya vibali hairukwi

Mpangilio ni huu: idara ipitishe pendekezo, chuo kikusajili nalo, kamati ya maadili iidhinishe, NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu) itoe leseni, kisha kaunti na hospitali zikufungulie mlango. Wengi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Hospitali Kuu ya Kenyatta hupitia kamati ya pamoja ya taasisi hizo mbili. Walio chini ya KEMRI hupitia SERU, kitengo chake cha kukagua sayansi na maadili. NACOSTI, iliyoundwa kwa Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013, hupokea maombi mtandaoni na hutaka barua ya maadili iambatishwe, kwa hiyo kujaribu kuianza kabla ni kujichosha. Leseni ni ya mwaka mmoja. Idhini ya maadili nayo ni ya mwaka, na barua yenyewe kwa kawaida hukutaka uombe kuihuisha siku 60 kabla haijaisha. Iandike tarehe hiyo kwenye simu siku unayopokea barua.

Idhini hairudi nyuma. Sampuli iliyochukuliwa siku moja kabla ya tarehe ya barua haiingii kwenye tasnifu, hata iwe nzuri namna gani.

Kwa kamati ya maadili tenga wiki sita hadi nane na raundi moja ya marekebisho. Mara nyingi hoja za sayansi hazirudishi faili. Kinachorudisha ni mambo madogo yasiyolingana: pendekezo linasema damu mililita 5 na fomu inasema 10. Fomu ya Kiswahili haipo au ni ya toleo la zamani. Hakuna mstari unaosema sampuli zilizobaki zitafanywaje. Siku hizi ongeza data. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, hivyo kamati itauliza majina yanakaa wapi. Jibu linalokubalika: orodha ya majina na namba za siri iko kwenye kompyuta moja iliyofungwa kwa nywila na kusimbwa, fomu za maabara na mirija zina namba tu. Unapojibu hoja za kamati, tengeneza jedwali la safu tatu: hoja yao, jibu lako, ukurasa ulioubadilisha. Msomaji aliyechoka hukushukuru.

Kama sampuli zitasafirishwa nje ya nchi, mkataba wa kuhamisha sampuli husainiwa na taasisi, si na mwanafunzi, na huchukua muda. Uanzishe sambamba na maadili. Sampuli za kawaida za wagonjwa husafiri chini ya namba UN3373 katika vifungashio vya tabaka tatu: mrija usiovuja, chombo cha pili kisichovuja chenye kitambaa cha kufyonza, na boksi gumu la nje. Barafu kavu ina lebo yake, UN1845, na boksi lake lisizibwe kabisa, kwa sababu gesi isipopata pa kutokea hulipasua.

Fomu ya ridhaa ni makala yako ya kwanza

Chukua sentensi hii, ambayo mfano wake umejaa kwenye fomu nyingi: "Utafiti huu wa kinasibu unalenga kubainisha viashiria vya kibayolojia vya maambukizi miongoni mwa washiriki." Ni Kiswahili kwa herufi tu. Mama aliyefika kliniki na mtoto mgongoni anataka kujua mtamfanya nini, itamuuma wapi, damu itaenda wapi, na akikataa atahudumiwa au la. Mwandikie hayo: "Tutachukua damu kwenye mkono wako, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Sindano itauma kidogo. Damu itapimwa katika maabara ya chuo, haitauzwa, na itateketezwa baada ya miaka mitano. Ukikataa, utatibiwa kama kawaida." Kijiko cha chai ni mililita 5 kamili, kwa hiyo hakuna ukweli uliopotea.

Kupangwa kwa nasibu eleza kama kurusha shilingi: kompyuta ndiyo inayochagua, si daktari wala mtafiti. Kidonge cha kulinganishia ni kidonge kinachofanana na dawa ila hakina dawa ndani. Ukipima vinasaba, sema ni vile tunavyorithi kutoka kwa wazazi, na uweke kisanduku cha peke yake cha kukubali au kukataa kuhifadhi sampuli kwa tafiti za baadaye. Usiandike ukimwi unapomaanisha VVU. Kirusi na ugonjwa ni vitu viwili, na anayeishi nacho huisikia tofauti hiyo mara moja.

Neno la kuogopa zaidi ni homa. Kwa Wanairobi wengi "nina homa" ni mafua na kikohozi. Ukienda Pwani ni mwili kuchemka. Hojaji ikiuliza "Je, umekuwa na homa wiki hii?" utajumlisha magonjwa mawili kwenye safu moja na hakuna programu ya takwimu itakayoyatenganisha. Uliza mwili kuwa moto, na upime kwa kipimajoto.

Mtego mwingine ni saa. Mshiriki anasema alikula mara ya mwisho saa mbili usiku. Msaidizi wa utafiti aliyezoea kufikiri kwa Kiingereza anaandika 02:00 badala ya 20:00. Mtu aliyefunga saa kumi na mbili kabla ya kipimo cha sukari anaonekana amefunga saa sita, na anaondolewa bure. Weka kwenye fomu nafasi ya saa ya Kiswahili kama ilivyotamkwa, kisha nafasi ya pili ya saa ishirini na nne, zijazwe papo hapo mbele ya mshiriki.

Tafsiri ikikamilika, mpe mtu wa pili asiyeona asili airudishe kwenye Kiingereza, kisha linganisha. Halafu ijaribu kwa watu watano wasio wa sayansi: mlinzi, muuza chai, mfagiaji. Usiwaulize "umeelewa?" kwa sababu adabu itawafanya wote waseme ndiyo. Waambie, "Hebu mweleze jirani yako tunataka kufanya nini." Pale wanapokwama ndipo pa kuandika upya. Sheng haina nafasi kwenye fomu, ila msaidizi anayeijua ni dhahabu ukifanya kazi na vijana.

Benchi, katika mwinuko wa Nairobi

Vitendanishi vinavyoagizwa nje vihesabie wiki nane hadi kumi na mbili tangu siku ya kulipa, si siku ya kuuliza bei. Kwa vinavyohitaji baridi, mwandikie wakala kwamba mzigo utue kati ya Jumatatu na Jumatano. Ukitua Ijumaa jioni unaweza kukaa kwenye ghala la mizigo uwanjani hadi wiki inayofuata, na vimeng'enya havisubiri. Fungua boksi kabla ya kusaini, angalia kama barafu ingalipo, piga picha, soma tarehe ya mwisho wa matumizi.

Stima itapotea, panga hivyo. Gawa kila sampuli mirija miwili na uiweke kwenye friza mbili tofauti, ikiwezekana majengo mawili. Friza iliyojaa hushika baridi kuliko tupu, kwa hiyo jaza nafasi kwa chupa za maji. Kwa friza ya −20 kuna king'ora cha bei ya chini: gandisha maji kwenye kikombe cha plastiki, weka sarafu ya shilingi kumi juu ya barafu, urudishe ndani. Ukirudi Jumatatu ukute sarafu imezama katikati ya barafu, barafu iliyeyuka ikaganda tena wikendi, hata kama kipimo mlangoni sasa kinasoma −20.

Jambo ambalo miongozo ya Ulaya haikwambii: Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na maji huchemka karibu nyuzi 94. (Ndiyo maana maharagwe huku huchelewa kuiva kuliko Mombasa.) Itifaki ikisema chemsha sampuli kwa nyuzi 100 kwa dakika 10, bika la maji halitafika, tumia kitalu cha joto (bloku ya chuma inayopashwa kwa umeme). Vivyo hivyo oteklevu (chungu cha mvuke cha kuua vijidudu) ya zamani yenye kipimo cha shinikizo pekee. Kipimo hicho husoma shinikizo lililo juu ya lile la hewa, na hewa yetu ni nyepesi. Pauni 15 kwa inchi ya mraba, ambazo kwenye usawa wa bahari hutoa nyuzi 121, hapa hutoa takriban 118. Unahitaji kati ya pauni 17 na 18, kama chombo kimeidhinishwa kuzihimili. Kama hakikuidhinishwa, ongeza muda na uthibitishe matokeo. Utepe unaobadilika rangi huonyesha tu kwamba joto lilipita. Uthibitisho ni ukanda wa mbegu za bakteria anayehimili joto, *Geobacillus stearothermophilus*, ambazo hazioti baada ya kutoka.

Kwa damu itakayofanyiwa PCR (kuzidisha DNA kwa mashine) tumia mrija wa EDTA wenye kifuniko cha zambarau, usitumie wa kijani. Wa kijani una heparini, nayo huzuia kimeng'enya cha PCR. Pindua mrija taratibu mara 8 hadi 10, usiutikise. Kwenye daftari andika kasi ya sentrifuji kwa g, yaani ni mara ngapi ya nguvu ya mvutano wa dunia. "Mizunguko 4,000 kwa dakika" kwenye rota (sehemu inayozungusha mirija) ya nusukipenyo cha sentimita 10 ni takriban 1,790 g, kwenye ya sentimita 16 ni 2,860 hivi. Atakayerudia kazi yako hana rota yako.

Mchanganyiko wa PCR wa mikrolita 25: mikrolita 12.5 za mastamiksi ya 2x (mchanganyiko tayari wenye kimeng'enya), mikrolita 1 ya kila praima (kipande kifupi cha DNA kinachoanzisha kuzidisha) ya mikromola 10, maji 8.5, DNA 2. Una sampuli 30, kidhibiti chanya kimoja (chenye DNA unayoitafuta) na hasi kimoja (kisicho nayo)? Hizo ni 32. Tayarisha za 35 kwa sababu pipeti hula. Yaani mastamiksi 437.5, praima 35 na 35, maji 297.5, gawa 23 kila mrija, kisha DNA. Kidhibiti chanya kiingie mwisho kabisa, mirija mingine ikiwa imefungwa.

Jeli ikisema vibaya, isome kwa utaratibu. Mstari kwenye kidhibiti hasi: uchafuzi, na matokeo yote ya siku hiyo ni batili, hata yale uliyoyapenda, badilisha maji na ncha, hamia chumba ambacho hakijafunguliwa DNA iliyozidishwa. Hata chanya hakionekani: kosa liko kwenye mchanganyiko au mashine. Chanya kinang'aa lakini sampuli zote kimya: shuku vizuizi vya damu, punguza DNA kwa maji mara kumi ujaribu tena kabla hujatangaza kwamba hakuna aliyeambukizwa.

Namba inayosemeka

Chukua chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo majaribio yake ya utoaji Kenya yalizinduliwa Homa Bay Septemba 2019 na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza Oktoba 2021. Shirika lilitaja upungufu wa asilimia 30 wa malaria kali. Ukiandika "chanjo inakinga asilimia 30" msikilizaji ataelewa kwamba watoto saba kati ya kumi wataugua. Sivyo. Maana yake: kati ya watoto kumi ambao wangefikia malaria kali, watatu hivi wanaepuka, saba bado wanahitaji neti na daktari. Hesabu ni ileile, habari mbili tofauti. Kila mara anza na idadi ya watu, kisha asilimia. Hatari ikishuka kutoka 2 kwa 1,000 hadi 1 kwa 1,000, "imepungua kwa nusu" ni kweli inayodanganya.

Kwa jarida: sajili namba yako ya ORCID (utambulisho wa mtafiti) mapema, fuata orodha ya STROBE (mambo ya kuripoti) kama utafiti wako ni wa uchunguzi, hakikisha jarida liko DOAJ (orodha ya majarida ya wazi), na uombe msamaha wa ada wakati wa kuwasilisha, kwani baada ya makala kukubaliwa wengi hawasikilizi. Jarida linalokusifu kwa baruapepe na kukubali makala kwa siku tatu linataka pesa yako tu.

Kwa wanahabari, MESHA ni chama cha waandishi wa sayansi, afya, mazingira na kilimo hapa nchini, na Taifa Leo na redio za Kiswahili hufika pale ambapo jarida halifiki. Nenda na sentensi tatu: mlichopata, kwa watu wangapi, na kile ambacho utafiti *hauonyeshi*. Hii ya tatu ndiyo inayokuokoa. Usiombe kusoma habari nzima kabla haijatoka, mwandishi mzuri atakataa. Omba akusomee namba na nukuu zako kwa simu. Kosa likitoka, tuma siku hiyohiyo sentensi iliyokosewa na sentensi sahihi chini yake, bila mhadhara.

Na zahanati ulikochukua damu? NACOSTI na kaunti watataka nakala ya ripoti, lakini washiriki hawatasoma kurasa 90. Waandalie karatasi moja ya A4, Kiswahili, herufi za ukubwa wa 18, isiyo na jina la mtu wala namba ya siri. Kundi dogo likiweza kutambulika kwa mtaa wao, jumlisha na jingine. Mpelekee muuguzi msimamizi aisome kwanza, maana maswali yatamwangukia yeye, kisha ibandike pale watu wanapokaa foleni, karibu na dirisha la dawa, kwenye kimo cha macho ya mtu aliyeketi.